Mama alijua kabla hatujamwambia

Naandika kwa ajili ya familia ambazo leo zina mgonjwa wa saratani iliyosambaa na hazijui kama zimwambie au zimfiche. Kwetu Rungwe swali hilo mara nyingi halimfikii mgonjwa mwenyewe. Ndugu hukaa kikao, hukubaliana, na mwenye mwili anakuwa mtu wa mwisho kusikia habari za mwili wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu, aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi. Mengi tuliyapitia bila kujua kwamba kuna njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa karibu kuliko tulivyofikiri.

Mama alikuwa mjane, mkulima wa chai na migomba karibu na Tukuyu, Mmoraviani wa siku zote, na mtunza hazina wa kikundi chao cha vikoba. Hedhi ilishakoma miaka mingi. Damu ilipoanza kumtoka tena hakumwambia mtu. Aliona aibu, akidhani ni mambo ya umri. Sisi tulishtuka alipoanza kukosa ibada, yeye ambaye hakuwahi kukosa, na baadaye tukaelewa kwamba alikuwa anakimbia watu kwa sababu ya harufu. Kituo cha kwanza kilimpa dawa za maambukizi. Alipozimaliza bila nafuu akapewa nyingine, na hakuna aliyemwangalia mlango wa kizazi. Kwa hiyo niliseme hili mapema: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, au yeyote anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, aombe kuangaliwa. Asikubali kuondoka na dawa tu mkononi.

Tulipomfikisha Mbeya walikata kipande kidogo cha nyama cha kupima, majibu yakachukua wiki kadhaa, na altrasaundi ikaonyesha figo moja imevimba kwa sababu uvimbe ulikuwa umebana mrija wa mkojo. Daktari alituita mimi na kaka pembeni, kwenye korido. Akasema mama amechelewa, ugonjwa umeshatoka kwenye kizazi, twende naye Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, ila tujue kwamba mionzi itapunguza damu na maumivu, haitamponya. Mama alikuwa kwenye benchi hatua chache tu kutoka pale, bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani. Kaka akamwendea, akainama, akamwambia, "Mama, ni uvimbe. Watauchoma kule Dar."

Mama akajibu, "Haya, mwanangu."

Jioni hiyo shangazi ndiye aliyekata shauri. Alisema tukimwambia tutamuua kabla ya siku zake. Wote tuliitikia, na sitaki kumlaumu. Kutaja kifo cha mtu angali hai ni kumchuria, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Shangazi alisema vile kwa kumpenda wifi yake.

Safari ya Dar ina mambo yake. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita mia nane, na kwa mgonjwa mwenye maumivu ya kiuno kona za Kitonga na matuta ya Mikumi ni mateso. Mkate viti vya mbele au katikati, msikae juu ya matairi ya nyuma. Mbebeni mto, pampasi za wakubwa, khanga za kubadilisha na mfuko wa kutupia uchafu. Mwelezeni kondakta mapema, kabla basi halijaondoka, kwamba mna mgonjwa atakayehitaji kushuka nje ya vituo vya kawaida. Dawa ya maumivu anywe kabla ya kupanda, asisubiri mpaka aanze kulia. Na hesabuni pesa za kulala na kula Dar kuliko pesa za matibabu, kwa sababu hizo ndizo zilizotumaliza: nauli za wawili, chumba, chakula, bajaji za kila siku. Kaka aliuza ng'ombe mmoja wa maziwa, na tulipomaliza, pesa yake ilikuwa imekwisha yote.

Ocean Road ni taasisi ya saratani tangu mwaka 1996, kwenye majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897. Kila Mtanzania anajua jina hilo. Unawezaje kumpeleka mtu mzima pale, mwenye akili zake, aliyetunza vitabu vya fedha za wanawake wenzake, na ukaamini hajui amepelekwa kutibiwa nini? Tuliamini hivyo kwa sababu tulitaka kuamini.

Kwenye benchi la kusubiri mionzi alipata rafiki, mama mmoja wa Makambako. Walikuwa wanagawana maandazi na kusimuliana habari za wajukuu. Siku moja mama akaniuliza, "Yule mwenzangu amepangiwa wiki tano na dripu juu yake. Mimi mbona wamenipa siku chache tu?" Nikamjibu kwamba uvimbe wake yeye ni mdogo ndiyo maana, nikaficha kwamba wiki nyingi ni za kujaribu kuponya na siku chache ni za kupunguza makali tu. Akaniangalia kwa muda, kisha akafungua kibweta akaanza kutafuta kitana. Hakuniuliza tena jambo lolote kuhusu ugonjwa wake kwa miezi mingi.

Tuliporudi nyumbani damu ilikatika. Kilikuwa kipindi kizuri. Alitembea shambani, alikata majani ya ng'ombe aliyebaki. Halafu maumivu yakaja upya, mgongoni na kushuka mguu wa kushoto, na mguu ukavimba. Hapo ndipo nilipoona gharama ya ule uamuzi wa shangazi. Kwa kuwa rasmi mama alikuwa "anaendelea vizuri," kila dalili mpya ilibidi itafutiwe dawa mpya. Kukawa na miti shamba kutoka Kyela. Kukawa na mafuta ya upako. Kukawa na maneno ya chinichini kwamba kuna mtu amemfanyia jambo, na jirani mmoja akaanza kuangaliwa vibaya bila kosa. Maombi sina ugomvi nayo, mimi mwenyewe naomba. Lakini mgonjwa anapoahidiwa kila wiki kwamba atapona, na kila wiki hali inashuka, mwisho anaambiwa kwamba imani yake ndiyo ndogo. Mama aliambiwa hivyo, kitandani kwake, na mtu aliyemfahamu tangu ujana. Nilikuwepo.

Akaanza kugeukia ukutani. Wageni wakija anafumba macho. Chakula anarudisha. Sisi tulisema ni ugonjwa.

Muuguzi wa tiba shufaa alitufikia kupitia mke wa mchungaji. Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya mgonjwa mwenye ugonjwa usiotibika, pamoja na kuisaidia familia yake. Hospitali kadhaa za KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, zimeitoa kwa miaka mingi, na wahudumu wao huwafuata wagonjwa mpaka majumbani. Ulizeni kwenye hospitali ya rufaa au ya misheni iliyo karibu nanyi, ulizeni mapema, msisubiri mpaka mgonjwa awe wa kufa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanza kupata huduma hii mapema, sambamba na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha, wachache kati yao walikuwa na dalili za sonona, ile huzuni nzito iliyo ugonjwa, na waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 ikilinganishwa na 8.9. Kwetu watu wanaisikia huduma hii kama ni ya kukatishwa tamaa, na kwa woga huo wanaikimbia.

Muuguzi yule siku ya kwanza hakugusa habari za ugonjwa. Alivuta kigoda, akakaa chini ya usawa wa macho ya mama, akamsalimia Kinyakyusa, akamwomba amwonyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ikifungwa hakuna maumivu, vidole vitano ndiyo makali kabisa. Mama akanyanyua mkono wote umefunguliwa. Tulikuwa tunampa parasetamoli na diklofenaki. Muuguzi akatikisa kichwa, akatuonya kwamba diklofenaki kwa mtu mwenye figo iliyobanwa ni hatari, akaizuia. Akapanga na daktari wake tukapata mofini ya maji.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi wanaogopa. Mofini ya maji ni chungu. Inanywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, siyo mpaka maumivu yarudi, na dozi ya kulalia huongezwa ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Kiasi anapanga mtaalamu, na kwa mwenye figo dhaifu anakipunguza au anapanua masaa, kwa hiyo msikopeshane chupa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na huenda akatapika, kisha hali hiyo hupungua. Choo kitafunga, hilo ni la hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Mama hakuwa teja, hakuharakishiwa kifo. Alilala usingizi. Kwa harufu iliyomfanya akimbie kanisa, tulisaga vidonge vya Flagyl na kuvitumia alivyoelekeza muuguzi, na baada ya siku chache chumba kilikuwa chumba cha kawaida. Ni vidonge vinavyouzwa kila duka la dawa. Miezi yote ile ya aibu, na hakuna aliyetuambia.

Muuguzi aliporudi, mama alikuwa ameketi. Akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe ugonjwa wako unauelewaje?"

Mama akajibu bila kusita, "Ni kansa ya kizazi, mwanangu. Haiponi. Nilijua kule Dar, mwenzangu alipopewa wiki tano. Nimewanyamazia hawa watoto kwa sababu niliona hawataki nijue."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji.

Muuguzi hakuendelea kueleza kama mtu aliyefunguliwa mlango. Aliuliza tena, "Kuna jambo ungependa kujua zaidi, au inatosha kwa leo?" Mama akauliza kama atafika mwisho wa mwaka, mjukuu wake wa kwanza apokee kipaimara. Jibu alilopewa nimelikumbuka kwa sababu nimelitumia kwa wengine. Hakutaja tarehe. Alisema, "Siku kamili hakuna anayeijua. Ila hali ikibadilika mwezi hadi mwezi, tunahesabu miezi. Ikianza kubadilika wiki hadi wiki, tunahesabu wiki. Kwako sasa naona miezi, na sioni mwaka mzima. Mambo yako makubwa usiyaweke kiporo."

Nisije nikawadanganya kwamba baada ya hapo kulikuwa na amani. Mama alilia. Alikasirika na kaka, alikasirika na mimi, akasema tumemfanya mtoto mdogo nyumbani kwake mwenyewe. Uji wangu aliukataa, wa shangazi akaukataa pia. Kujua kunauma, na anayekwambia kwamba ukweli humfariji mgonjwa papo hapo hajakaa na mgonjwa. Kilichomshikilia mama ni vitu vilivyokuja pamoja na ule ukweli: maumivu yalikuwa yameshuka, muuguzi alirudi kama alivyoahidi, na mchungaji alikuja akakaa naye bila kumwahidi muujiza. Mwingereza Cicely Saunders, aliyeanzisha hospitali ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yako mwilini, moyoni, kwenye roho na kwenye mahusiano yake na watu, yote kwa pamoja. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Na nimeamini kwamba mpangilio una maana. Mtu anayepiga kelele kwa maumivu hawezi kupokea habari za maisha yake. Mtulizeni kwanza. Kisha muulizeni anajua nini. Kisha muulizeni anataka kujua nini, na aambiwe kiasi hicho.

Muuguzi pia alitufundisha kutofautisha huzuni na sonona. Huzuni inakuja na kuondoka. Mgonjwa analia asubuhi, mchana anacheka na mjukuu. Akikaa siku nyingi mfululizo hafurahii chochote, anajilaumu, anajiona mzigo, anasema afadhali afe, hapo mwambieni mhudumu, kwa sababu kuna msaada. Mama alipewa amitriptilini ya usiku kwa ajili ya yale maumivu ya mishipa ya fahamu ya mguu, na usingizi ukatengemaa.

Kisha akaanza kazi. Sijui neno jingine. Aliita wanawake wa vikoba, daftari likafunguliwa kitandani, na kumbe kulikuwa na madeni ambayo hayakuwa yameandikwa, aliyashika kichwani: nani amekopa kwa ajili ya ada, nani amerudisha nusu. Yakaandikwa yote, wahusika wakiwepo. Akaandikisha wosia wa shamba mbele ya mashahidi, wasichana nao wakapewa sehemu, jambo ambalo lingekuwa na vita vikubwa angelikaa kimya. Mdogo wetu aliyeko Zambia, ambaye hawakuwa wakisemezana vizuri, aliitwa akaja. Waliongea mlango umefungwa. Yule jirani aliyeangaliwa vibaya aliitwa naye, mama akamwambia mbele yetu kwamba ugonjwa huu una jina na haukutoka kwake.

Na akatuamuru sisi mabinti zake tukapime. Asingeweza kutuamuru hivyo kama jina la ugonjwa lingebaki siri. Kipimo cha siki ni cha dakika chache: mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia sehemu zinazogeuka nyeupe, na mabadiliko ya awali yanaweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Kinatolewa kwenye vituo vingi vya afya. Aliwauliza pia wakwe zake kuhusu chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani hii, ile iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na mjukuu aliyekuwa amekosa shuleni akapelekwa.

Kipaimara alikiona. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, chupa ya mofini kwenye pochi, na saa ya dozi ilipofika alikunywa hapohapo, kwaya ikiimba. Hali ilianza kubadilika wiki hadi wiki muda si mrefu baada ya hapo. Alifia nyumbani, kitandani kwake, kama alivyoomba.

Baada ya msiba nilitaka kujua kama ni sisi tu. Siyo sisi tu. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2012, uliwauliza wagonjwa 1,193 wa saratani iliyosambaa waliokuwa wakipewa dawa za kupunguza makali. Asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu na asilimia 81 ya wenye saratani ya utumbo mpana hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa zile haikuwa rahisi ziwaponye. Kilichonigusa zaidi ni kwamba waliowasifu sana madaktari wao kwa kuzungumza vizuri ndio walioelekea zaidi kukosea. Wenye hospitali kubwa na lugha moja na daktari wao, nao hali ni hiyo. Kwa hiyo usitoke kwa daktari na maneno kama "tutajaribu" au "tutaona." Uliza moja kwa moja: dawa hii ni ya kuponya, au ni ya kupunguza makali? Tukiacha, itakuwaje? Tukiendelea, atapata nini na atateseka na nini? Na mgonjwa awepo, kama anataka kuwepo. Korido siyo mahali pa mazungumzo hayo. Omba chumba, omba kiti, waambie mna swali.

Niseme na la upande wa pili. Baba mdogo aliugua baadaye saratani ya umio. Alikuwa hawezi kumeza hata maji mpaka alipowekewa bomba la kupitishia chakula kooni. Mimi nilikuwa tayari, na maswali yangu yote niliyojifunza kwa mama. Muuguzi alipomuuliza anataka kujua nini, baba mdogo akasema, "Mwanangu, mimi msiniambie. Mwambieni binti yangu. Mimi nipeni cha kunifanya nimeze." Aliulizwa tena kila ziara, kwa upole, "Leo kuna jambo ungependa kuuliza, baba?" Aliuliza habari za kahawa yake na bei ya mbolea. Alikuwa mtulivu mpaka mwisho.

Wosia haukuandikwa, na mgawanyo wa shamba umetukalisha vikao vingi. Binti yake ndiye aliyebeba taarifa zote peke yake, na usiku akishamlaza baba yake alikuwa ananipigia simu, wakati mwingine tunazungumza mpaka salio linaisha. Mkiwa na mgonjwa aliyechagua kama baba mdogo, mheshimuni, na mumtafutie mapema yule anayebeba habari mtu wa kumpigia.